Mjusi wa kifuani

Jumatatu usiku, Chumbageni, Tanga.

Leo nimefungua kabati nikakutana na boksi la sirinji za mililita 10. Zimebaki saba.

Mwanangu ana saratani ya damu, matibabu ya miaka miwili na ushei. Mishipa ya mikono ilipochoka na kanula za dripu, Dar wakamwekea mpira wa Hickman. Unaingia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, unapita chini ya ngozi ya kifua, ncha inaning'inia nje. Mwenyewe akauita mjusi.

Sista alinifundisha kuuosha ndani, kwa kusukuma maji ya chumvi ya hospitali kwa sirinji. Nawa mikono, sugua kifuniko kwa spiriti, kiache kikauke. Hapo pa kukauka ndipo penye haraka zangu. Na sirinji isiwe ndogo, kwani ndogo husukuma kwa nguvu zaidi, mpira unaweza kupasuka. Nilishangaa, nilidhani ndogo ndiyo ya upole.

Nilichokuwa nikiogopa ni kuchomoka, na damu kugandia ndani. Nikamkataza mpira (ule wa miguu). Ufukwe wa Raskazone tukauona kwa mbali tu, maana mjusi haogi baharini.

Ijumaa ile niliuosha jioni baada ya magharibi. Haikutimia nusu saa mtoto akaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda kinalia. Bibi yake akasema hiyo malaria, Tanga hii mbu watupu, mpe panadoli alale. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Rudini asubuhi, wakasema.

Nusura nirudi nyumbani. Kilichonizuia ni karatasi ya sista niliyoibandika kwenye mlango wa friji: mtoto mwenye mpira akipata homa, usingoje kuche, hasa ikija baada ya kuosha. Bakteria hujenga utando ndani ya mpira wakatulia humo. Ukisukuma maji, unawasukuma na wao kwenye damu.

Aliyewasukuma ni mimi. Kwa mkono huu huu.

Hospitali walichukua damu mara mbili, ya mkononi na ya kwenye mpira, wakaanza antibayotiki za mshipa usiku uleule. Siku ya tatu homa iko palepale, wakautoa. Utando ule dawa huupenya kwa taabu. Daktari akaniambia, "Mama, haya yanatokea hata wodini, kwa wenye glavu na kila kitu." Nimemsikia. Kumwamini bado.

Sasa kifuani pana plasta tu. Mwezi ujao watamwekea mwingine, upande wa pili, kwa hiyo sirinji nimezirudisha kabatini.

Mchana kanifuata jikoni: "Mama, kabla mjusi mpya hajaja, twende baharini?"

Nikampigia sista. Kasema kidonda kifunge kwanza. Nimekitazama tena sasa hivi kwa tochi ya simu, yeye kalala. Ukingo wa juu umekauka. Wa chini bado una unyevu.