Vile nilikuja kuielewa "sempre più" ya Waitaliano

Mi kazi yangu ni kupeleka wageni baharini hapa Malindi, na hapa kwetu Kiitaliano ni riziki kabisa, ukikijua hulali njaa. Nilijifunza kwa kusikia tu, sempre nikaijua ni daima, più nikaijua ni zaidi, nikaona nimemaliza.

Siku moja wakati wa kusi twarudi kutoka kwenye matumbawe, mama mmoja kashikilia ukingo wa boti kwa mikono miwili akaniambia "il vento è sempre più forte", nami nikasikia upepo daima ni mkali zaidi, nikamjibu kwamba la, si kila siku, asubuhi huwa shwari. Akanyamaza, akamwangalia mumewe. Nahodha ambaye amewasikia Waitaliano miaka na miaka akaniambia, "Sivyo mwanangu, huyo mama aogopa, asema upepo unazidi."

Unazidi! Hapo ndo nikaelewa. Wao wanaweka sempre più mbele ya sifa, sisi kazi hiyo tunampa kitenzi, upepo unazidi kuwa mkali. Na ikifuata kitenzi bila sifa mara nyingi wanaongeza di, "mi piace sempre di più", yaani nazidi kupapenda. Kinyume chake ni sempre meno, na hapa Kiswahili ni kitamu jamani, maana twasema maji yanazidi kupungua, kuzidi na kupungua vyakaa pamoja wala havigombani.

Lakini kuna pahali pamoja lazima uwe makini sana, nalo ni linazidi na limezidi. Joto linazidi, bado lapanda, hiyo ndo sempre più. Joto limezidi, lishapita kiasi, hiyo ni troppo. Silabi moja tu imebadilika lakini baharini ni mambo mawili kabisa, upepo unaozidi unakwambia geuza boti mapema, upepo uliozidi hata nanga hung'oi, kwa hiyo ukimwambia mgeni troppo wakati ulitaka sempre più utamtia hofu bure.

Siku hizi nikisikia sempre nasubiri neno la pili, ikija più au meno najua ni kuzidi, ikija nyingine mara nyingi ni daima ileile. Juzi mvua za bara zimeshusha matope kwa mto Sabaki, bahari yote rangi ya chai ya maziwa, mgeni kaniambia "sempre più marrone", yaani yazidi kuwa ya kahawia, nikamwambia ndio, na kesho itazidi.