Mwashi, saa za kale na timazi

Mimi ni mwashi kwa taaluma, na kwa miaka 19 nimejenga kuta za mawe na matofali, kazi ambayo wengi huidhania kuwa ya misuli tu, ilhali sehemu yake kubwa ni kutazama, kupima na kusubiri. Baada ya kazi hucheza sataranji, ambayo hushindwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na hukarabati saa kongwe za ukutani zenye pendulamu. Hunifurahisha kila mara kuona kwamba pendulamu yenye urefu unaokaribia mita 1 huchukua takriban sekunde 1 kwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Alama inayonitambulisha, hata hivyo, ni timazi, yaani kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi. Waashi wa Misri ya kale waliitumia, nasi tunaitumia bado, kwa sababu mvutano wa dunia huunyoosha uzi wima bila kuhitaji betri wala maelezo marefu. Kinachohitajika ni kuukinga na upepo na kungoja utulie. Katika mwaka wangu wa kwanza nilijenga pembe ambayo jicho langu liliapa kuwa imenyooka. Fundi mkuu alishusha timazi yake, ikaonyesha kuwa ukuta umelala kwa sentimita 3, nami nikaubomoa hadi tofali la pili kutoka chini. Alipostaafu alinikabidhi timazi ileile, na sasa imening'inia kando ya saa zangu.