Kutoka Findel hadi Clervaux bila kukata tiketi

Nilitua Findel, uwanja wa ndege wa Luxemburg, nikielekea Clervaux, mji mdogo wenye ngome kaskazini mwa nchi, nikaenda moja kwa moja kituo cha tramu kilicho mbele ya jengo la abiria. Hakuna foleni ya tiketi. Tangu mwaka 2020 basi, tramu na treni ni bure nchi nzima, uwe mwenyeji au mpita njia. Kinacholipiwa ni daraja la kwanza kwenye treni, kwa hiyo kabla ya kukaa tazama namba iliyoandikwa kwenye behewa: 1 au 2.

Tramu imefika uwanjani hapo Machi 2025. Ukienda kaskazini, usikae hadi Gare Centrale, kituo kikuu cha reli, kama wageni wengi wafanyavyo. Treni ya kaskazini ikitoka huko hupita bondeni, chini ya daraja jekundu ambalo tramu yako italivuka. Utakuwa umekwenda mbele ili urudi ulikotoka. Mimi nilishuka Rout Bréck-Pafendall, kabla ya daraja. Baadhi ya ramani huandika Pont Rouge, jina la Kifaransa, ni palepale.

Hapo kuna jambo la kutazama dakika moja. Nyaya za umeme zinakoma. Tramu inayoingia mjini hushusha mkono wake wa juu na kuvuka bila waya, na kwenye kila kituo huchajiwa kutoka chini, katikati ya reli, wakati abiria wanapanda na kushuka. Mitaa ya zamani imebaki bila nyaya.

Chini ya kituo cha tramu kuna viberenge vinavyovutwa kwa kamba ya chuma. Havina dereva, navyo ni bure. Kimoja kikishuka mwenzake hupanda, na njia ziko mbili kando kwa kando, kila moja na viberenge vyake. Moja ikisimama, ya pili haiathiriki. Dakika moja hivi uko kituo cha treni cha Pfaffenthal-Kirchberg. Sanduku zito si tatizo, maana hakuna ngazi za kuhangaika nazo.

Kwenye jukwaa ndipo watu hukosea. Treni zote za kaskazini hupita njia moja hadi Ettelbruck, kisha njia zinaachana. Iliyoandikwa Diekirch hukunja mashariki na kuishia huko. Ya Wiltz huacha njia kuu pale Kautenbach. Ya Clervaux ni ile inayosoma Troisvierges au Liège, mji wa Ubelgiji. Ukishapanda isiyo yako, shuka Ettelbruck usubiri; hujapoteza nauli, umepoteza muda tu. Mlango haufunguki wenyewe, bonyeza kitufe.

Baada ya Ettelbruck bonde linabana, na mahandaki yanafuatana. Kaa macho ukikaribia Clervaux, hasa kwenye treni ya Liège: Troisvierges ndicho kituo cha mwisho cha bure, na ukivuka kuingia Ubelgiji bila tiketi ni kosa lako.

Likizo ya kiangazi vipande vya reli hufungwa kwa matengenezo na mabasi hushika nafasi, na basi kwenye kona hizi ni polepole. Angalia ratiba asubuhi ya safari.

Kutoka kituo cha Clervaux hadi ngome, yalipo maonyesho ya picha yaliyoandaliwa na mpiga picha Edward Steichen, ni mwendo wa miguu wa kilomita moja hivi. Kurudi uwanja wa ndege, shuka tena Pfaffenthal-Kirchberg, upande juu kwa kiberenge, na usipande tramu inayoelekea mjini.