Siku moja ya kuchukua sampuli za ngamia, Laisamis, kaskazini mwa Kenya

Saa 10:30 alfajiri. Kazi huanza na barafu. Vipande vinapangwa chini na pembeni mwa kulboksi, sanduku la kutunza baridi, vinafunikwa kwa gazeti, ndipo mirija inapoingia. Joto linalotakiwa ni nyuzi 2 hadi 8. Mrija wa damu ukigusa barafu yenyewe damu inaganda kwa baridi, seli zinapasuka, na kinachofika maabara ni maji mekundu.

Saa 12 asubuhi, kwenye fora, kambi ya wachungaji wanaohamahama na mifugo. Kipimajoto kinatangulia mengine yote. Ngamia mwenye kiu huuachia mwili upoe usiku hadi nyuzi 34 hivi, kisha upande hadi 40 mchana, apate kubana jasho. Kwa hiyo nyuzi 39.5 za saa 9 alasiri hazisemi lolote, lakini nyuzi hizohizo alfajiri ni homa. Aliyezoea ng'ombe akija kupima mchana huandika kundi zima ni wagonjwa. Uliza pia walinyweshwa lini, uandike.

Saa 1. Ngamia anapigishwa magoti, mguu wa mbele uliokunjwa unafungwa kamba. Simama ubavuni, si mbele ya mdomo. Kwa kirusi cha MERS, ugonjwa wa njia ya hewa unaoweza kutoka kwa ngamia kwenda kwa mtu, tunatafuta ndama wa chini ya mwaka mmoja: hao ndio hutoa kirusi kwa wingi puani. Wakubwa wengi wana kingamwili tu, alama damuni kwamba waliwahi kuambukizwa. Kirusi kilitambuliwa kwa binadamu mwaka 2012, ila damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992 ilikutwa tayari na kingamwili hizo.

Ngamia anajua kufunga pua. Usilazimishe, subiri avute pumzi, ingiza kijiti cha pamba, zungusha taratibu, kisha kivunjie ndani ya mrija wenye maji ya kuhifadhia. Barakoa na glavu muda wote, maana ndama akipiga chafya anakupiga usoni.

Damu ni mililita 10 kutoka mshipa wa shingo. Sindano moja, mnyama mmoja. Ukirudia, unasambaza hata surra, ugonjwa wa vimelea vya damu. Usivute kwa nguvu wala kutikisa. Namba iandikwe kwa penseli juu ya plasta, kwa sababu wino wa kalamu huoshwa na unyevu wa barafu.

Saa 3. Ndama wawili wana vidonda midomoni na kwenye kope. Huenda ni ndui ya ngamia, huenda ni ekthima, ugonjwa mwingine wa ngozi wa kirusi, huenda miiba ya migunga ndiyo iliyofungua njia. Jicho halitoshi kuamua. Magamba yanabanduliwa kwa kibanio na kutiwa kwenye mrija mkavu, bila maji. (Kirusi cha ndui ya ngamia ni ndugu wa karibu sana wa ile ndui ya watu iliyotokomezwa.) Dawa ya kukiua hatuna hapa, oksitetrasaiklini ni ya bakteria wanaovamia vidonda.

“Daktari, na maziwa?”

“Yachemshwe, mzee. Na ngamia akitupa mimba, mtu asiishike kwa mikono mitupu.”

Hapo hofu ni Homa ya Bonde la Ufa, hasa mvua zikizidi na mbu wakifurika, kama ilivyokuwa 1997 na 2006.

Saa 5. Mbuzi, chanjo ya PPR, ugonjwa wa kirusi unaoua mbuzi na kondoo: mililita 1 chini ya ngozi. Ikishachanganywa hatuivushi muda wa saa moja. Inayobaki inamwagwa, hata mwenye mbuzi akinung'unika.

Saa 7, kivulini. Damu imeganda ikiwa imeinamishwa. Seramu, majimaji ya manjano yanayojitenga na damu, inanyonywa na kuhamishiwa mrija mwingine. Yenye wekundu tunaiandika hivyo hivyo kwenye fomu.

Saa 10 jioni. Namba za mirija zinalinganishwa na fomu, moja moja: umri, jinsia, kundi, mahali. Kosa likionekana sasa mchungaji bado yupo wa kuulizwa. Kesho atakuwa amehama.

Saa 1 usiku. Barafu inabadilishwa kabla mzigo haujapanda gari la kwenda maabara ya mifugo ya Kabete, Nairobi. Kulboksi inakaa ndani pamoja na abiria, mbali na joto la injini.