Raspberry Pi ya gemu iliyokatikiwa umeme katikati ya sasisho

Umeme ulikatika wakati kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaandikwa. Ilikuwa mwaka 2022, na mashine ilikuwa kompyuta ndogo ya mpwa wangu, Raspberry Pi 3 Model B, yenye RetroPie, mfumo wa kuchezea gemu za zamani, kwenye kadi ya microSD ya GB 32. Alikuwa amefungua RetroPie-Setup, akachagua kusasisha kila kitu, akakubali na vifurushi vya mfumo wenyewe visasishwe. Hakukosea popote. Mtaa mzima uliingia giza, na umeme uliporudi taa nyekundu iliwaka lakini televisheni ilibaki nyeusi.

“Shikamoo, mjomba. Wenzangu wananiambia niifomati tu kadi, nianze upya.”

“Marahaba. Usiifomati. Na usiiwashe tena mpaka nifike.”

Katazo la pili lilikuwa na sababu yake. Kama mfumo bado ungekuwa na nguvu ya kuanza nusunusu, kila kuwashwa kungeandika kitu kingine juu ya kadi ambayo tayari imevurugika. Na ndani ya kadi ile mlikuwa na gemu alizozihifadhi kwa muda mrefu, ambazo hazikuwa na nakala mahali pengine popote.

Nilipofika niliiwasha mara moja tu, nikaikazia macho taa ya kijani. Iliwaka na kuzima haraka mara 7, ikatulia, ikarudia tena mara 7. Taa hiyo ina lugha yake: mara 4 ina maana faili la `start.elf` lipo lakini haliendesheki, mara 7 ina maana kerneli haikuonekana. Pi 3 huanza kwa chipu ya picha, si prosesa. Chipu hiyo husoma `bootcode.bin` kwenye sehemu ya kwanza ya kadi, ile yenye mfumo wa mafaili wa FAT32, kisha `start.elf`, kisha hupitia `config.txt` na kuita `kernel7.img`. Kufika hatua ya kupepesa mara 7 kulinihakikishia kwamba bodi ni nzima, kadi inasomeka, na `start.elf` inafanya kazi. Kilichopungua ni faili moja, au angalau lile lililotangulia kukosekana.

Kadi niliichomeka kwenye adapta kubwa ya SD na kusukuma kile kiswichi cha pembeni upande wa kufunga, ili laptopu isome bila kuandika. Kwa `lsblk`, amri inayoorodhesha diski, nilihakikisha jina lake, maana ukikosea herufi moja hapa unanakili diski ya laptopu badala ya kadi. Kisha nikachukua nakala ya kadi nzima:

`sudo dd if=/dev/sdb of=kadi.img bs=4M status=progress`

Kama ingekwama kwa makosa ya kusoma ningehamia `ddrescue`, ambayo huruka pabovu na kurudi baadaye. Haikukwama. Nikanakili `kadi.img` kuwa `kazi.img`, na kuanzia hapo kadi halisi sikuigusa tena. Hii nafasi ya GB 64 kwenye diski watu huionea uchungu, lakini ndiyo inayokupa uhuru wa kujaribu na kuharibu bila hasara.

Faili la kazi nililifungua kana kwamba ni diski kwa `losetup -fP --show kazi.img`, likatoa `/dev/loop0` na sehemu zake mbili. Kabla ya ukarabati wowote, nilifungua sehemu ya pili kwa kusoma tu, `mount -o ro,noload`. Hilo neno `noload` ni la muhimu: bila hilo ext4, mfumo wa mafaili wa sehemu hiyo, inaweza kurudia jarida lake (kumbukumbu ya maandiko yasiyokamilika) na kuandika hata kama umesema usome tu. Gemu zilizohifadhiwa ni mafaili ya `.srm` na `.state`, na RetroPie huyaweka pembeni ya gemu yenyewe, ndani ya `/home/pi/RetroPie/roms`. Nikayatoa yote, pamoja na folda ya `/opt/retropie/configs` yenye mipangilio ya rimoti za gemu.

Hapo ndipo nilipotengeneza mifumo ya mafaili: `fsck.vfat -a` kwa sehemu ya kwanza, `e2fsck -f` kwa ya pili. Ya kwanza iliacha faili liitwalo `FSCK0000.REC`, ambayo ni vipande vya data visivyo na mwenyewe. Nikafungua sehemu hiyo ya kwanza, ambayo Pi huiita `/boot`, na kweli `kernel7.img` haikuwepo.

Ilikuwa kwenye `/usr/share/rpikernelhack`. Watu wengi hawaijui folda hii. FAT haina uwezo wa kubadilisha mafaili kwa namna dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, inavyotaka, kwa hiyo kifurushi cha kerneli cha mfumo huo kiliyaweka mafaili mapya huko kwanza, kwenye ext4, kisha mwishoni kikayahamishia `/boot`. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo mbili, kerneli inabaki njiani.

Ungeweza kulihamisha faili hilo kwa mkono, na pengine Pi ingewaka. Mimi nalipinga kabisa. Dpkg ingeendelea kuamini kwamba kazi haijaisha, na huna hakika kama folda ya moduli (viendeshi vya vifaa) ndani ya `/lib/modules` imekamilika. Ikiwa pungufu, mashine inawaka lakini Wi-Fi au sauti haipo, nawe unaanza kutafuta ugonjwa mwingine usiokuwepo.

Dawa ni kuiacha dpkg imalize ilichoanza. Nilifungua sehemu ya pili kwenye `/mnt` na ya kwanza kwenye `/mnt/boot`, nikaunganisha `/dev`, `/dev/pts`, `/proc` na `/sys` kwa `mount --bind`, nikanakili `resolv.conf` ili intaneti ipatikane humo ndani, na `qemu-arm-static` ndani ya `/mnt/usr/bin` kwa sababu laptopu haielewi programu za prosesa ya ARM. Mstari ulio ndani ya `/mnt/etc/ld.so.preload` niliuwekea alama ya `#` mbele. Ukiuacha, kila amri inakutolea malalamiko kuhusu `libarmmem`. Kisha `chroot /mnt`, yaani kuingia ndani ya mfumo wa Pi nikiwa kwenye laptopu, na:

`dpkg --configure -a`

Ikagoma. Ilidai kwamba orodha ya mafaili ya kifurushi kimoja haina mwisho wa mstari. Nilipolifungua faili lile la `.list` ndani ya `/var/lib/dpkg/info`, lilikuwa na ukubwa wake wa kawaida lakini limejaa sifuri tupu: jina na ukubwa vilishaandikwa, maneno yenyewe hayakuwahi kufika kwenye kadi. Nikalifuta, nikarudia amri, ikapita ikinung'unika tu kwamba orodha haipo. Kifurushi hicho nikakisakinisha upya kwa `apt-get install --reinstall`, nikafuatisha `apt-get -f install`, na mwisho `raspberrypi-kernel` pamoja na `raspberrypi-bootloader` kwa njia ileile ya `--reinstall`. Hivi viwili viende pamoja siku zote, kwa sababu kerneli na mafaili ya kuwashia kama `start.elf` hutolewa pamoja, kwa toleo moja.

`/boot` sasa ilikuwa na `kernel7.img`, na ndani ya `/lib/modules` palikuwa na `5.10.103-v7+`. Niliirudisha `ld.so.preload` ilivyokuwa, nikatoka, nikafunga kila kitu kwa `umount -R /mnt` na `losetup -d`.

Kuandika kwenye kadi mpya kuna mtego wake. Kadi mbili zilizoandikwa GB 32 hazilingani hadi baiti ya mwisho, na mpya ikiwa ndogo hata kidogo, `dd` inakata mkia wa mfumo. Linganisha kwa `lsblk -b`, au nunua ya GB 64 yaishe, kama nilivyofanya. Kadi bandia pia ni nyingi sokoni, kwa hiyo niliipima kwanza kwa `f3write` na `f3read`.

Pi iliwaka, Wi-Fi ikashika, gemu zikaendelea pale zilipoachwa. Lakini `vcgencmd get_throttled` ilijibu `0x50000`, yaani tangu iwashwe volteji ilishawahi kushuka chini ya kiwango, karibu volti 4.63, na prosesa ikapunguzwa kasi. Chanzo kilikuwa chaja ya simu ya ampea 1. Tuliweka ya volti 5.1 na ampea 2.5, tukaiwasha upya, jibu likawa `0x0`. Siku hizi akitaka kusasisha huichomeka kwenye UPS (betri ya akiba) ya kompyuta ya mezani, televisheni ikabaki kwenye soketi ya ukutani.