Siku moja maishani mwangu: Ramadhani ya baridi hapa Utica, New York, Marekani

Saa 10:15 alfajiri
Mama ndo anatuamsha daku, anagonga milango yote mpaka ahakikishe kila mtu kakaa mezani. Leo ni bugali na ndagala zilizobaki jana. Huku bado giza lakini Kigoma ni saa 6 na robo mchana, kwahiyo ndo muda wa kumpigia shangazi, yeye yuko bado Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Kesi yake ya kuhamia huku ilikuwa imefika mwisho kabisa, kapimwa afya na kila kitu, halafu mwezi wa kwanza 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi na safari ikaishia hapo. Zamani mama alikuwa anauliza utakuja lini, siku hizi anauliza tu mmefuturu nini jana. Inaniuma sana hii, sitaki kuificha.

Kwa wasiojua, wazazi wangu ni wa Kabambare, Maniema. Huko Uislamu uliingia karne ya 19 na wafanyabiashara waliotoka pwani, ndo maana sisi ni Wakongo lakini tuna madrasa na Kiswahili ni cha nyumbani. Vita ikawatoa wakavuka Ziwa Tanganyika, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 na mimi nikazaliwa humo. Ukitaka kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi lazima uwe na kibali, nimekua nikijua hivyo tu.

Saa 12:20 asubuhi
Honi nje. Ni dada yangu wa lifti, Msomali Bantu, tunafanya kazi sehemu moja. Theluji imefika magotini na anaendesha taratibuuu huku tunapiga stori. Kwao nyumbani wanaongea Kizigua, kile kile cha Handeni, mababu zao walichukuliwa utumwani wakapelekwa Somalia karne ya 19, vita ya Somalia ikawaleta kambi za Dadaab na Kakuma kule Kenya, na kuanzia 2003 Marekani ikachukua maelfu yao. Kiswahili chake cha Kakuma na changu cha Kigoma vinaelewana vizuri tu. Unajua hapa Wakongo wengi ni Wakristo, wananialika kanisani kila mara kwa upendo kabisa, na msikitini nikivaa hijabu yangu watu wanaanza kuniongelesha Kisomali, yaani kila sehemu naanza kujieleza upya. Kwa huyu dada sijawahi kujieleza.

Saa 1 asubuhi
Zamu inaanza. Mi ni nesi msaidizi kwenye nyumba ya wazee, tunapokea ripoti kutoka kwa wa usiku, tunapima presha, tunabadilisha pampasi, tunaogesha, tunavalisha, tunalisha. Kulisha mtu uji na mayai ukiwa umefunga sio shida kama watu wanavyodhani, harufu ya kahawa ndo mtihani.

Kuna bibi mmoja Mbosnia. Wabosnia walikuja hapa miaka ya 90 na vita yao, mji ulikuwa umefungiwa viwanda na watu wamehama, wao wakanunua nyumba zilizochakaa wakazikarabati moja moja. Huyu bibi kumbukumbu imeondoka na Kiingereza kimeondoka nayo, na kuoga alikuwa hataki, anakukamata mkono kwa nguvu analia. Siku moja wakati natia maji vuguvugu kwenye beseni nikasema Bismillahi kama navyosema kwenye kila kitu. Akaniachia mkono. Nikaanza Alhamdu taratibu na yeye akaifuata, kwa lafudhi yake, aya kwa aya mpaka Amina, huku namsugua mgongo. Tangu hapo yeye ni wangu, wenzangu wakishindwa wananiita, na leo nilivyofungua tu mlango kaanza yeye Audhubillahi kabla sijafika kitandani. Sina hata sentensi moja ya Kibosnia jamani, na sijui nielezee vipi nachojisikia pale, ila naendaga kazini kwa haraka kwa sababu yake.

Saa 6:30 mchana
Brek. Naswali Adhuhuri stoo ya mashuka, msala wangu unakaa rafu ya chini na kila mtu anaujua. Anayenishikia wagonjwa wangu ni dada Mkareni wa Burma, naye kazaliwa kambini, kule Thailand mpakani. Yeye Mkristo. Tulishaongea kuhusu foleni za mgao na nyumba za kambini, hakuna nilichomwambia kikamshangaza.

Saa 9 alasiri
Nyumbani, Alasiri, usingizi.

Saa 11:30 jioni
Leo tunafuturu msikiti wa Wabosnia, ule ulio pembeni ya ofisi za jiji. Lilikuwa kanisa la Wamethodisti, wakalinunua wakalifanya msikiti. Tende, supu, mkate wao mpana unaoitwa somun bado wa moto. Mama kakaa na wanawake wa Kibosnia, hawaelewani lugha ila wanajaziana sahani.

Mkwe wa yule bibi akanifuata. Akauliza, leo kala? Nikamwambia kala mayai yote, na kaoga. Akashika uso wangu kwa mikono miwili, halafu akaenda kumwambia mume wake upande wa wanaume.

Saa 3 usiku
Tarawehe imeisha, tuko mlangoni tunatafuta viatu. Mama mmoja wa kamati kaja na daftari, Jumamosi futari ni juu yetu, Wakongo na Wasomali Bantu, watu kama 80. Hakutuuliza kama tutaweza, kaandika tu. Dada wa lifti kasema yeye wali na mbuzi, mama kadai sombe (kisamvu) haipiki mtu mwingine, mi nimepewa uji wa pilipili manga. Sasa mwenye sufuria kubwa hapa Utica aniambie mapema, na sombe ya kugandishwa duka letu imebaki pakiti chache, kesho nikitoka zamu nazipitia zote.