Siku yangu moja Crawley, na saa ya bibi wa Diego Garcia

Saa 11 alfajiri

Naamka kabla simu haijaita. Chumba changu kipo Langley Green, kaskazini mwa mji wa Crawley, na uwanja wa ndege wa Gatwick uko nyuma yetu tu. Ndege za alfajiri zikishuka, kioo cha dirisha kinatetemeka. Naswali, nakunywa chai ya rangi, navaa soksi jozi mbili. Ni Jumanne ya Novemba na baridi ya nje inakata masikio.

Nafanya kazi ya kea: nawahudumia wazee majumbani kwao, nawaogesha, nawapa dawa, nawapikia. Nilitoka Tanga miaka minne iliyopita. Nyumbani wakiniuliza Crawley ni wapi, zamani nilikuwa najibu "karibu na Gatwick" na mazungumzo yanaishia hapo. Siku hizi nina jibu jingine. Huu ndio mji wenye Wachagosi wengi Uingereza nzima, watu waliotolewa visiwani kwao Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, ili kisiwa kimoja kiwe kambi ya jeshi. Wateja wangu wa leo ni sita, na mmoja wao ni bibi aliyezaliwa kisiwa hicho, Diego Garcia. Ameniruhusu niandike habari zake. Jina lake nimelibakiza kwangu.

Saa 12 na nusu asubuhi

Mteja wa kwanza ni mgeni kwangu, kwa hiyo nafuata ramani ya simu. Pinda kulia, mita 200, umefika. Kabla ya kazi hii sikuwahi kujiuliza simu inajuaje nilipo. Setilaiti za GPS zinaongozwa na Wamarekani kwa antena chache zilizosimikwa sehemu mbalimbali za dunia: Ascension, Kwajalein, Cape Canaveral, na Diego Garcia. Kisiwa kile kimo mfukoni mwangu kila asubuhi.

Kipo wapi hasa? Simama ufukweni Dar es Salaam, uso uelekee mawio, kisha ukate bahari zaidi ya kilomita 3,500. Utakikuta karibu mbele yako kabisa, maana kipo kusini kidogo tu ya mstari wa Dar. Ni ukanda mwembamba wa matumbawe wenye umbo la unyayo, uliozunguka maji matulivu ambamo meli kubwa zinatia nanga. Ardhi yake yote ni kama kilomita za mraba 27.

Saa 2 asubuhi

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mo zanfan."

Shikamoo nilimfundisha mimi. Mo zanfan alinifundisha yeye. Kwa Krioli yao ni "mwanangu". Tunaanza hivyo kila siku, kisha nampima sukari, nampa dawa zake za asubuhi, namvalisha soksi za kubana miguu. Zile soksi zina kazi. Unazikunja hadi kisiginoni, unaingiza vidole, halafu unazipandisha kidogo kidogo huku yeye amenishika bega na kunihesabia kwa Kifaransa.

Sebuleni kwake kuna saa mbili za ukutani. Moja ipo juu ya televisheni, nayo inafuata majira ya Uingereza. Ya pili, ya plastiki ya kahawia, ipo juu ya mlango wa jikoni. Mwishoni mwa Oktoba, saa za nchi hii ziliporudishwa nyuma, nilipanda kiti nizirekebishe zote mbili. Bibi akanishika mkono. Hiyo haibadilishwi, akasema. Hiyo ni ya Diego.

Diego Garcia iko mbele ya Crawley kwa saa 6 wakati wa baridi. Nikabaki juu ya kiti nikihesabu. Sisi Waswahili nasi tunapishana na namba za uso wa saa kwa sita hizohizo. Kwa hiyo kuanzia Oktoba mpaka Machi, saa ya bibi ninaisoma kama nipo Tanga: hapa ikiwa saa mbili asubuhi, mshale wake mfupi uko kwenye mbili. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza muda mrefu.

Leo nimekuta mishale imesimama tisa na robo. Betri imekwisha. Hajaniambia kitu, lakini macho yake yanakwenda juu ya mlango kila dakika.

Chini ya saa hiyo kuna picha ya kisiwa iliyopigwa kutoka angani, mjukuu wake aliichapisha. Anaweka kidole mkono wa mashariki: East Point, kanisa, nyumba ya meneja wa shamba, makaburi. Mkono wa magharibi hauwekei kidole. Huko ndiko kuna mstari mweupe ulionyooka, njia ya kurukia ndege yenye zaidi ya mita 3,600. Ya Gatwick, hii inayonitetemeshea dirisha, ina mita 3,300 hivi.

Nikiona mstari ule naielewa kazi ya kambi kuliko nikisoma. Ndege nzito ya mabomu inahitaji lami ndefu, mafuta mengi na mahali ambapo hakuna adui wa kuifikia kwa urahisi. Mwaka 1991 ndege za B-52 ziliruka kutoka pale kwenda kuipiga Iraq. Mwaka 2001 B-52 na B-1 zikaenda Afghanistan, na 2003 ikawa Iraq tena. Machi 2025, Marekani ilipokuwa inashambulia Yemen, zikapelekwa B-2, zile nyeusi zisizo na mkia. Ndani ya maji matulivu zinakaa meli ambazo tayari zina silaha na vifaa, ili vita vikianza Ghuba au Afrika Mashariki mzigo usisubiri kutoka Marekani.

Lakini sifa ambayo wakubwa wa jeshi waliitaka kuliko zote ni kwamba kisiwa kiwe hakina watu. Hakuna kijiji cha kulalamika kelele, hakuna mwandamanaji getini, hakuna bunge la jirani la kuomba ruhusa. Na watu walikuwepo! Wazee wao waliletwa utumwani kutoka Msumbiji na Madagaska tangu karne ya 18 kulima minazi ya Wafaransa. Walizaa, walizika, walijenga kanisa. Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, koloni lake wakati huo, mwaka 1965, ikaingia mkataba na Marekani tarehe 30 Desemba 1966, na kwa siri ikapunguziwa dola milioni 14 katika bei ya Polaris, makombora ya nyuklia iliyoyanunua kwa Marekani. Mwaka huohuo wa 1966 ofisa mkubwa wa Wizara ya Mambo ya Nje London aliandika kwamba visiwani hawatabaki wenyeji ila shakwe. Ndege wa baharini, ndio waliohesabiwa kuwa wenyeji. Bibi wakati huo alikuwa na miaka 11.

Saa 5 asubuhi

Wateja wawili, kuoga na kubadilisha shuka. Ofisi inapiga simu: kwa bibi nimezidisha dakika 12 na ratiba ni dakika 30. Nimewajibu kwamba mtu wa miaka 70 mwenye miguu iliyovimba havalishwi kama mwanasesere. Wamesema watalizungumza. Nimewahi kuambiwa hivyo mara tatu, na dakika zangu hazilipwi.

Nanunua betri dukani kwa Mhindi. Na nazi moja.

Saa 7 mchana

Ziara ya chakula. Mbuzi yangu ya kukunia nazi ilikuja nami kutoka Tanga ndani ya sanduku, imefungwa kanga, na Jumanne naibeba kwa bibi. Naipasua nazi kwa mgongo wa kisu, lakini inagoma. Bibi ananyoosha mkono. Anaishika nazi kwenye kiganja cha kushoto, anaitikisa sikioni, anaizungusha kutafuta ule mshipa unaotoka kwenye macho ya nazi, kisha tatu, nne, kisu kinagonga kila mara mahali tofauti huku nazi inazunguka. Inafunguka vipande viwili sawasawa kama imekatwa kwa msumeno. Maji hayakumwagika hata tone.

Mama yake alikuwa anapasua mamia kwa siku. Wanaume walifua, wanawake walivunja na kutoa nyama ya kukaushwa iwe mbata. Nilipomwambia kwamba na sisi tuna kifuo, chuma kilichosimikwa ardhini, na tuna neno mbata, aliniomba nilirudie. Mbata. Akalitamka polepole.

Ninakuna, ninachuja tui, namwekea samaki. Na ni hapo, mvuke ukipanda, anaponihadithia tena habari za tanuri la mbata. Kila familia East Point ilikuwa na mbwa, na ile ya kwao ilikuwa na jike jekundu lililokwenda baharini na baba yake kukamata samaki. Mwaka 1971 ilitoka amri mbwa wote wauawe. Waliingizwa kwenye tanuri la kukaushia nazi, moshi wa magari ukaelekezwa ndani. Watoto walisikia. Baada ya mbwa, zamu ya watu ikawa imefika: kila mtu sanduku moja, mkeka, na meli ya Nordvaer. Farasi wa meneja walifungwa juu, kwenye sitaha. Watu walilala chini yao, juu ya mzigo.

Hasemi zaidi. Anakula samaki wote na kulamba tui kwenye kijiko.

Dakika zimepita na betri bado imo mfukoni mwa koti. Inabidi nikimbie.

Saa 9 alasiri

Mapumziko yangu hayana malipo, nayapitisha maktaba kwa sababu kuna joto. Ninasoma habari za kesi. Februari 2019 Mahakama ya Haki ya Kimataifa ilitoa maoni kwamba Uingereza ilivitenga visiwa hivyo kinyume cha sheria na inapaswa kuondoka haraka iwezekanavyo. Umoja wa Afrika ulisimama mbele ya majaji, na Kenya pia, kutetea hoja ya Mauritius. Hata mkataba wa Pelindaba wa kuifanya Afrika isiwe na silaha za nyuklia unavitaja visiwa vya Chagos kwenye ramani yake. Suala hili ni letu pia, na inaniuma kwamba nyumbani halizungumzwi.

Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilisaini makubaliano: mamlaka yaende Mauritius, Diego Garcia ikodishwe miaka 99 ili kambi ibaki. Usiku wa kuamkia siku hiyo wanawake wawili waliozaliwa Diego Garcia waliiomba mahakama ya London isimamishe utiaji saini. Jaji alikubali usiku wa manane, na mchana amri ikaondolewa. Wachagosi wenyewe wamegawanyika. Wengi wa Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, wanaona ni ushindi. Wengi wa Crawley wanauliza mbona hawakukaa mezani. Makubaliano yanairuhusu Mauritius kuwarudisha watu kwenye visiwa vingine vya Chagos, isipokuwa Diego Garcia.

Kwa bibi, isipokuwa ndiyo nyumbani. Mwaka 2006 karibu watu 100 walipelekwa kwa meli kutembelea makaburi, naye alikuwemo. Aling'oa majani kwenye kaburi la baba yake kwa mikono mpaka wakaitwa warudi. Mimi sioni kwa nini kambi yenye ulinzi wote huo inaogopa kikongwe na jembe. Maelfu ya wanajeshi na wafanyakazi wa mkataba kutoka Ufilipino na Mauritius wamepita pale miaka hii yote wakila, wakilala, wakivua samaki. Nafasi ya kuishi mtu ipo.

Saa 11 jioni

Giza limeshaingia. Mteja wa tano amelala, wa sita ana wageni. Mvua.

Saa 2 usiku

Bibi ameshavaa nguo za kulala. Namvua soksi, nampaka mafuta miguuni, namjazia glasi ya maji. Ndege inapita juu ya paa, naye anainua kichwa. Nimewahi kumuuliza kama kelele zinamsumbua. Akasema hapana, anapenda kukisia zinakokwenda, na kwamba wakati wake East Point hapakuwa na kelele za angani ila za ndege wa kweli wakirudi kulala.

Napanda kiti. Natoa betri ya zamani, naweka mpya, naangalia simu kupata dakika kamili. Hapa ni saa mbili na dakika saba usiku, kule saa nane na dakika saba usiku wa manane. Nauweka mshale mfupi mbele kidogo ya mbili.

"Inakwenda?" anauliza.

Naishusha nimsogezee sikioni, kama alivyoitikisa nazi mchana. Anasikiliza. Anaichukua mwenyewe, anaifuta vumbi kwa ncha ya khanga niliyompa, ananirudishia niitundike. Kisha ananiambia nizime taa, ila ya jikoni niiache iwake, ili aweze kuiona.